Krimu iliyokung'arisha kwa wiki mbili ndiyo inayokuzeesha

Swali

Daktari, salamu. Nina miaka 58, nimestaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka jana na naishi Umoja, hapa Nairobi. Hedhi ilikoma nikiwa na miaka 52, na tangu hapo uso wangu umebadilika mno: mashavu yameshuka, makunyanzi yamejaa pembeni mwa macho na mdomo, ngozi imekauka kama karatasi. Binti yangu aliniagizia mtandaoni seramu ya retinoli, ile ya kupunguza makunyanzi. Nikaipaka asubuhi na jioni. Siku ya tano uso ukawaka moto na kubanduka, nikaiweka kando. Mwenzangu wa chama akanipeleka mjini kwa dada anayechanganya krimu mwenyewe. Wiki mbili tu, nikang'aa hadi watu kanisani wakaniuliza siri. Sasa ni mwezi wa nne. Nikikosa kuipaka siku tatu, uso unaiva, unawasha na kujaa vipele. Tena nina vinundu vidogo vyeusi mashavuni ambavyo vinaongezeka. Je, nirudie retinoli? Nichomwe sindano? Na hii losheni ya jua, sisi watu weusi tunaihitaji kweli? Pensheni haijatulia, naweza kutenga shilingi 3,000 kwa mwezi, si zaidi.

Jibu

Mwalimu, nitaanza na ule mkebe wa mjini. Mengine yote uliyouliza yanaweza kungoja, huo hauwezi.

Krimu isiyo na kibandiko, iliyokung'arisha ndani ya wiki mbili, na ambayo ukiikosa siku tatu uso unawaka: sijaiona, lakini kwa maelezo hayo ningeshangaa kama haina steroidi. Wagonjwa huniletea mikebe ya namna hiyo imefungwa kwa gazeti, kwa aibu kidogo, kama mtu anayeleta chang'aa kituo cha polisi. Mchanganyiko wake huwa na vitu viwili au vitatu. Kwanza steroidi kali, kama klobetasoli au betamethasoni, ambazo ni dawa halali za ukurutu na maradhi mengine ya ngozi daktari akiziandika kwa kipimo na kwa muda. Pili haidrokwinoni, inayoizuia ngozi kutengeneza rangi. Na mara nyingine zebaki. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kuzima uvimbe, ndiyo sababu uso hutulia upesi, chunusi hunywea na rangi hufunguka. Watu wa kanisani hawakukudanganya. Uling'aa kweli.

Kinachotendeka chini ndicho kibaya. Ngozi yako inasimamishwa na nyuzi za protini ziitwazo kolajeni, kama ukuta wa udongo unavyosimamishwa na fito. Steroidi huzizuia seli zinazotengeneza nyuzi hizo. Udongo wa nje unaweza kubaki laini miezi kadhaa huku fito zinakwisha ndani, kisha siku moja ukuta unapinda. Ngozi hukonda, vijishipa vyekundu huonekana mashavuni kama uzi wa cherehani, wengine huota nywele pale ambapo hawakuwa nazo. Kwa maneno mengine, ulikwenda mjini kutafuta dawa ya makunyanzi ukauziwa kinachoyatengeneza.

Haidrokwinoni ina balaa lake. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza kuhusu wanawake weusi waliotumia krimu kali za kujichubua wakaishia na mabaka ya rangi ya bluu-nyeusi, magumu kama changarawe, palepale walipotaka weupe: kwenye mashavu na chini ya macho. Hali hiyo ni ngumu mno kuiondoa, hata kwa leza. Afrika Kusini iliipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990, na hapa kwetu shirika la viwango, KEBS, nalo limepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni, zebaki na steroidi. Zebaki haiishii usoni. Hupenya ngozi ikafika kwenye figo. Marufuku ipo, na krimu zipo River Road. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kibaya kinajitembeza kwa WhatsApp.

Kuiacha ni lazima. Namna ya kuiacha ndiyo inayohitaji daktari, kwa sababu ule mwasho unaouona ukikosa siku tatu ni ngozi iliyozoea dawa inayolia ikinyang'anywa, na kilio hicho chaweza kudumu wiki kadhaa. Daktari anaweza kukusimamisha mara moja akakupa dawa ya kutuliza isiyo steroidi, au akakushusha ngazi kwa ngazi kwa steroidi hafifu. Nenda na mkebe wenyewe, usiuache nyumbani kwa haya. Mwambie kama umeupaka usoni tu au mwili mzima, kwa maana steroidi ikipakwa mwili mzima kwa miezi hunyonywa hadi tezi za mwili zikalala. Mtu akiiacha ghafla akapata uchovu mzito, kizunguzungu na kutapika, hapo ni hospitali siku hiyohiyo. Kama una sukari au presha, taja. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina kliniki ya ngozi, na ukienda kwa daktari wa binafsi, jina lake litafute kwanza katika orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC, iliyo wazi mtandaoni. Mtu kuvaa koti jeupe si ushahidi.

Baada ya hapo ngozi yako itahitaji likizo. Ningeipa miezi miwili hadi mitatu bila retinoli, bila asidi, bila kusugua kwa dodoki, bila chochote kinachojigamba. Iwe ni kunawa, mafuta na kinga ya jua, basi. Najua hutapenda kusikia hivyo. Walimu mna subira na watoto wa watu, si na nyuso zenu.

Kunawa ni kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ya uso, jioni. Asubuhi maji matupu yanatosha. Sabuni ya kipande tunayofulia, hata kama mama yako aliogea hiyo akafika miaka tisini, ina ualkali mkali, na ngozi ya aliyekoma hedhi haina tena mafuta ya kujirudishia. Uso ukiwa bado na unyevu, paka krimu yenye gliserini. Usiku, juu yake, weka utando mwembamba wa mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Hayo mafuta ya bei ya chini kabisa dukani hufunga maji ndani ya ngozi kuliko krimu nyingi za bei ya kutisha. Asubuhi ya kwanza utaona vile vikunjo vyembamba vimepungua, na hiyo si ndoto: ngozi kavu hunyauka na kuonyesha mistari ambayo si ya uzee bali ya kiu. Januari na Februari, Nairobi ikikauka, tofauti huwa kubwa zaidi.

Uliniuliza kana kwamba hedhi ndiyo ilileta haya yote, na kwa sehemu uko sahihi. Homoni ya estrojeni huisaidia ngozi kutengeneza kolajeni, na inaposhuka, kolajeni hushuka nayo. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba mwanamke hupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi katika miaka mitano ya kwanza baada ya hedhi kukoma, kisha kasi inapungua na kuwa kama asilimia 2 kwa mwaka. Wewe ulikuwa umetoka tu katika ile miaka mitano. Hukukosea kitu, uliposema makunyanzi yalikuja kwa pamoja, ndivyo yanavyokuja. Vidonge vya homoni vina matumizi yake kwa wenye joto la ghafla na kukosa usingizi, na hayo ni mazungumzo ya wewe na daktari wa wanawake, lakini hatuviandiki kwa ajili ya makunyanzi pekee.

Sasa jua, ambalo uliliuliza mwishoni nami ningeliuliza mwanzoni.

Nikiri kitu. Vitabu nilivyosomea vilikuwa na picha za ngozi nyeupe tupu, na mimi mwenyewe nilianza kupaka losheni ya jua nikiwa nimekwisha kuhitimu, kwa sababu niliamini kama wewe kwamba hiyo ni ya watalii na ya ndugu zetu wenye ualbino, wanaogawiwa na serikali kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Imani hiyo ina chembe ya ukweli. Mwaka 1979 watafiti wa Philadelphia walipima ngozi na kukuta kwamba melanini, ile rangi ya ngozi, ya mtu mweusi inamkinga na miale inayounguza mara 13 hivi, na ya mzungu mara 3 hivi. Ndiyo maana mwanamke wa rika lako huko Uingereza anaweza kuwa na makunyanzi aliyoyapata akiwa na miaka 35, na wewe ulifika 50 uso ukiwa nyororo. Wamarekani weusi wana msemo kwamba mweusi hapasuki.

Hapasuki, ila hubadilika rangi na kulegea. Jua lina miale ya aina mbili inayotuhusu. UVB ndiyo inayobabua. UVA haibabui, kwa hiyo huisikii, lakini huzama hadi kwenye zile fito na kuzikatakata, na hupita kwenye kioo. Kuna mzee mmoja, dereva wa matatu wa miaka mingi, aliyekuja kwangu kwa jambo jingine kabisa. Nilipomwangalia usoni niliona shavu la kulia, la upande wa dirisha, limekuwa jeusi na zito kuliko la kushoto, kana kwamba nyuso mbili zimeshonwa pamoja. Mwaka 2012 jarida moja la tiba la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69 mwenye hali hiyohiyo baada ya miaka 28 barabarani, makunyanzi yamejaa upande mmoja tu. Yeye ni upande wa kushoto, kwa kuwa huko usukani uko kushoto. Kwetu ni kulia. Ukipanda matatu ya Jogoo Road saa sita mchana, kaa upande wa kivuli.

Na sisi wa Nairobi tuna mzigo wa ziada. Mji uko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, na uko juu, kama mita 1,795 kutoka usawa wa bahari. Shirika la Afya Duniani linasema kila mita 1,000 za kupanda huongeza miale hiyo kwa asilimia 10 hivi. Baridi yetu hutudanganya: mtu wa Mombasa anasikia jua linamchoma anakimbilia mwembe, wa Nairobi yuko na sweta, hasikii kitu, na miale inayomfikia si haba. Hata Julai, mbingu ikiwa ya kijivu kutwa, sehemu kubwa ya UVA hupenya mawingu.

Je, losheni husaidia kweli, au ni biashara? Huko Nambour, mji wa Queensland, Australia, watu 903 wa chini ya miaka 55 waligawanywa kwa kura: kundi moja lipake losheni ya jua kila siku, jingine lipake likijisikia. Baada ya miaka minne na nusu walipimwa mabadiliko ya ngozi nyuma ya mkono. Waliopaka kila siku walikuwa na asilimia 24 pungufu ya dalili za uzee. Matokeo yalitoka mwaka 2013, na ni mojawapo ya ushahidi bora kabisa tulio nao katika somo hili zima. Walikuwa wazungu wengi, ndiyo; kwetu faida itaonekana zaidi katika madoa na mabaka kuliko katika mistari. Lakini uso wa mwanamke mweusi wa miaka 58 huzeeshwa na rangi isiyolingana kabla haujazeeshwa na kunyanzi. Sawazisha rangi, na watu watakuona umepungua miaka bila kujua kilichopungua.

Chagua yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya miale inayobabua) ya 30 au zaidi, iliyoandikwa pia kwamba inazuia UVA. Inayozuia vizuri kwa ngozi yetu ni ile yenye rangi ya kahawia ndani yake, kwa sababu rangi hiyo ni oksaidi ya chuma na huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa watu weusi huchochea mabaka meusi. Tena haikuachi na uso wa majivu. Ile nyeupe ya zinki unaijua: unatoka nyumbani kama umepakwa unga wa ugali. Kipimo ni mistari miwili iliyojaa, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Ukipaka hivyo, chupa ya mililita 50 itakwisha katika mwezi mmoja na siku kadhaa. Ikikaa nawe miezi sita, hujapaka. Ukishinda nje, kwa mfano siku ya soko la Mutindwa, rudia kila saa mbili, au vaa kofia ya ukingo mpana, au fungua mwavuli. Wanawake wa Nairobi hatufungui mwavuli bila mvua, sijui nani alitukataza.

Tukishavuka miezi hiyo ya likizo na ngozi ikatulia, ndipo turudi kwenye retinoli. Jibu ni ndiyo, irudie. Haikukosa kitu, ulipewa pikipiki bila kufundishwa breki.

Retinoli ni vitamini A. Ikifika kwenye ngozi inageuzwa hatua kwa hatua hadi iwe asidi ya retinoiki, na hiyo ndiyo inayofanya kazi: inaziamsha seli zitengeneze kolajeni mpya, inazuia vimeng'enya vinavyoitafuna ya zamani, na inaharakisha tabaka la juu kujivua, hata madoa yakafifia. Tretinoini ni asidi hiyo tayari, haihitaji kugeuzwa, kwa hiyo ina nguvu zaidi na inauzwa kwa karatasi ya daktari. Ina kisa chake. Marekani iliiruhusu kama dawa ya chunusi mwaka 1971, kazi ya daktari Albert Kligman wa Philadelphia. Wagonjwa wa makamo wakaanza kumwambia kwamba mbali na chunusi, uso umekuwa laini na mistari imepungua. Mwaka 1986 yeye na wenzake wakachapisha matokeo juu ya ngozi iliyozeeshwa na jua, na mwishoni mwa 1995 ikaidhinishwa kwa makunyanzi membamba. Hakuna kitu cha kupaka chenye ushahidi wa muda mrefu kama huu. Ni haki pia ujue kilichotangulia: Kligman huyohuyo alifanya majaribio yake mengi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg, wengi wao weusi, na chuo chake kiliomba radhi mwaka 2021. Dawa ni nzuri. Njia yake haikuwa nzuri.

Itumie hivi. Usiku tu, kwa kuwa mwanga huiharibu. Usiku mbili kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Nawa, kisha ngoja uso ukauke kabisa, kama dakika ishirini. Ngozi yenye maji huinywa kwa pupa na kuwashwa. Paka krimu ya gliserini kwanza. Kisha chukua retinoli kiasi cha punje moja ya njegere, uso mzima, si punje kwa kila shavu. Ruka pembe za macho, pembe za pua na midomo. Kisha krimu tena juu yake. Mwezi mmoja ukipita bila kuwaka, ongeza usiku mmoja. Kuna watu ambao hawatavuka usiku tatu kwa wiki maishani mwao na nyuso zao ziko sawa. Ukiona unabanduka, ruka wiki nzima, hukupoteza kitu.

Nasisitiza mwendo huu wa kobe kwa sababu ya rangi yetu. Mzungu akiunguzwa na retinoli anakuwa mwekundu siku kumi, kisha yamekwisha. Sisi kila mwasho huacha doa jeusi, na doa hilo huchukua miezi kuondoka. Ukipaka kwa pupa ili uwe kijana Krismasi, utafika Krismasi na madoa. Mabadiliko ya kweli huanza kuonekana mwezi wa tatu au wa nne na huendelea hadi mwaka. Ukishazoea retinoli kwa miezi sita na ukataka zaidi, daktari anaweza kukuandikia tretinoini, aanze na ile hafifu ya asilimia 0.025.

Haitafanya nini? Haitayapandisha mashavu. Yale hayakushushwa na ngozi peke yake: mafuta ya usoni yamepungua na kuteleza, hata mfupa wa taya na wa chini ya macho hupungua kwa umri. Hakuna krimu inayojenga mfupa. Anayekuuzia ya "kuinua uso" anakuuzia maneno.

Ndiyo maana watu huenda kwenye sindano, na wewe uliuliza. Zipo mbili, msizichanganye. Botoksi hulegeza misuli, kwa hiyo inafaa mistari ya kukunja uso, ile ya paji na katikati ya nyusi. Ilianzia Vancouver, Kanada, mwaka 1987, kwa daktari wa macho aliyekuwa akitibu kope zinazopapatika. Hudumu miezi mitatu au minne, kisha unalipa tena. Ya pili ni ya kujaza, mara nyingi asidi ya haialuroniki, inayorudisha ujazo mashavuni kwa miezi kadhaa au mwaka na zaidi. Hiyo ikiingia ndani ya mshipa wa damu inaweza kuua ngozi au kupofusha jicho. Kwa bajeti ya 3,000, zote mbili hazikuhusu, na nafurahi, maana kinachonitisha ni zile za bei ya kutupa zinazochomewa saluni. Leza pia zipo Nairobi. Kwa ngozi nyeusi iliyotoka kwenye steroidi majuzi, si sasa.

Unga wa kolajeni wa kunywa: tumbo huuvunjavunja kama linavyovunja nyama. Majaribio mengine yameonyesha ngozi kupata unyevu zaidi kidogo, mengi yakilipiwa na wauzaji. Kula omena, mayai na maharagwe. Limau usoni usijaribu, maji yake yakikutana na jua huunguza na kuacha mabaka. Liwa na manjano ya dada zetu wa Pwani hayana ubaya, yanapoza na yananukia vizuri, ila kunyanzi hayaligusi. Seramu ya vitamini C ni nzuri kwa rangi, lakini huharibika upesi. Ikigeuka kahawia imekufa, na nyingi hufika hapa zimekwisha kuungua kwenye kontena.

Vinundu vyeusi vidogo mashavuni, ikiwa ni vile ninavyodhani, ni vya kurithi. Muulize mama yako au shangazi, utakuta wanavyo. Huja kwa watu weusi wengi kuanzia ujana na huongezeka kwa miaka, si kansa na haviambukizi. Krimu haiviondoi. Daktari huvichoma kwa umeme mdogo au kuvikwangua kwa dakika chache. Asikuondolee vyote siku moja, ajaribu vitatu kwanza pembeni aone ngozi yako inaponaje, hasa kama una historia ya makovu yanayovimba. Ila mwonyeshe vyote siku ile unapopeleka mkebe. Kimoja kikiwa kinakua haraka, kinatoka damu au kina rangi mbili, kionyeshe cha kwanza.

Kuhusu zile 3,000: miezi ya mwanzo zaidi ya nusu iende kwenye losheni ya jua, inayobaki inunue sabuni laini, krimu ya gliserini na mafuta ya mgando, ambayo mikebe yake itakaa zaidi ya mwezi, hivyo utabakisha akiba ya kumwona daktari. Retinoli unayo tayari kwenye droo, na kwa punje ya njegere mara mbili kwa wiki itakufikisha mbali; angalia tu tarehe ya mwisho. Kila unachonunua kitafute alama ya KEBS, na ukiitilia shaka, tuma zile namba zilizo chini ya alama, ukizitanguliza kwa SM#, kwa ujumbe mfupi hadi 20023, utajibiwa ni ya bidhaa gani na ya kampuni gani.

Na umwambie binti yako asante kwa niaba yangu, alichagua kitu cha maana kuliko dada wa mjini. Ila kama naye anaipaka hiyo seramu na ana mpango wa kukupa mjukuu, aiache kabla ya kushika mimba. Dawa za jamii ya vitamini A hatuwapi wajawazito.